Jinsi ya Kuelea kwa Utulivu Juu ya Matumbawe ya Nyali

Anayetaka kuonja raha ya michezo ya bahari hapa Mombasa hahitaji kuanza na mitungi ya hewa. Miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na jaketi la kuokolea vinamtosha, mradi ajifunze kuyasoma maji. Hilo nalithamini kuliko vifaa vyote, kwa sababu ni yule asiye na hofu ya mkondo anayepata nafasi ya kutazama.

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji huwa ya bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yote hayo hupitia milango ya mwamba, yaani mapengo yaliyo kati ya matumbawe, na yanapotoka humshinda hata mwogeleaji hodari. Kwa hiyo ngoja maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, juma moja hivi baadaye, kisha uingie maji yakikaribia kumaliza kupwa, wakati mwamba wa nje unavunja mawimbi na ndani kumetulia. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikielekea mwisho, Februari na Machi, maji huwa maangavu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, singempeleka anayeanza.

Mtafute nahodha wa Nyali au Bamburi akupeleke ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Humo uvuvi umekatazwa, na samaki hukaa karibu na mtu bila wasiwasi. Mweleze kwamba ndiyo mara yako ya kwanza, na mpatane ishara ya mkono ya kuomba msaada.

Ukishashuka, usiogelee. Shika kamba ya boti, laza uso majini, vuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, mpaka sauti ya mrija iwe ya mwendo mmoja. Kisha chagua tumbawe moja tu na ubaki juu yake kwa dakika 10. Mwanzoni utaona jiwe. Baadaye vitundu vyake vitatoa samaki wadogo, na ukinyamaza vizuri utasikia samaki aina ya pono wakitafuna. Usiliguse wala kulikanyaga, kwani ni kiumbe hai. Kamera, kwa maoni yangu, ibaki nchi kavu siku hiyo.

Ukitamani kuzama, kamwe usihemehe harakaharaka kabla ya kubana pumzi. Kufanya hivyo hakuongezi oksijeni ya maana, bali huondoa kaboni dioksidi, ambayo ndiyo humsukuma mtu kutafuta hewa, na mzamiaji anaweza kuzimia chini bila kuhisi dalili yoyote. Azame mmoja, mwenzake abaki juu akimtazama.

Panda botini kabla ya baridi kukuingia. Ukijikausha, mweleze nahodha kila samaki uliyemwona, rangi yake na alivyokwenda, naye akutajie jina lake.