Somo: Kuchapisha mwenyewe utafiti wako wa magofu na mawe ya kale (soma kabla ya kuniuliza)

Naweka somo hili kwa sababu ujumbe unaonijia ni uleule: "Nimegundua siri ya magofu ya Tongoni (msikiti na makaburi ya kale karibu na Tanga), nifanyeje nitoe kitabu?" Nawapenda sana watu wa Tanga na Bagamoyo wanaochunguza mambo ya kwao bila kusubiri mtu atoke chuo kikuu. Ndiyo maana nataka kazi zenu zisimame hata zikisomwa na mtu asiyewatakia mema.

1. Nenda mwenyewe. Picha za mtandaoni hazitoshi.

2. Jitambulishe kwa msimamizi wa eneo, lipa kiingilio, mweleze kuwa unapima tu. Usichimbe wala usiokote hata kigae. Kuchimba kunataka kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

3. Pima kwa tepu, andika palepale. Ukisubiri ufike nyumbani utaanza kukisia.

4. Mwelekeo. Hapa ndipo vijitabu vingi vinapokufa, kwa hiyo tulieni.

Dira ya simu msiitegemee. Inavutwa na kava lenye sumaku, na pikipiki uliyoegesha jirani, na nondo za uzio. Hata dira nzuri huonyesha kaskazini ya sumaku, si kaskazini ya kweli, na tofauti yake hubadilika mwaka hadi mwaka. Angalieni yaliyotokea Namoratunga, Kenya, karibu na Ziwa Turkana. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo 19 za mawe zilielekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana, mnamo mwaka 300 KK. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Soper, akapima upya, akakuta mawe yenyewe yana sumaku na yanavuta dira. Baadaye uchimbaji ukaonyesha kuwa nguzo za namna hiyo pale Turkana ni kazi ya wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita. Na mahali pa nyota angani huhama polepole, digrii moja kila miaka 72 hivi, kwa hiyo ukikosea umri wa jiwe umekosea na nyota yake. Na Lynch na Robbins walikuwa wasomi waliobobea.

Tumieni kivuli. Simika fimbo pembeni, si katikati ya makaburi, uihakikishe kwa timazi. Funga kamba kwenye fimbo, chora duara kuizunguka. Asubuhi ncha ya kivuli ikigusa duara, weka kijiti. Alasiri itagusa tena upande wa pili, weka kijiti kingine. Mstari wa kuunganisha vijiti hivyo ni mashariki–magharibi, na unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini ya kweli.

Onyo: KABLA YA NYOTA, FIKIRIA KIBLA. Kutoka Tanga, Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeegemea mashariki kwa digrii moja na nusu tu. Kutoka Bagamoyo, karibu mbili. Msikiti wa Tongoni au wa Kaole (magofu ya karibu na Bagamoyo) kutazama kaskazini ni jambo la sala. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu, uso ukielekea kibla, kwa hiyo kaburi la huku hulala mashariki–magharibi, na bila shaka litaelekea maawio ya jua. Nadharia yako ianze pale kibla kinapoishia.

5. Tenga kurasa: hizi za nilichopima, hizi za ninachofikiri. Ongeza ukurasa mmoja unaosema ni ushahidi gani ungekufanya uiache nadharia yako.

6. Mpe asome mtu anayekupinga.

7. Namba ya ISBN (ya kukitambulisha kitabu) inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda nayo kwa mchapaji, anza na nakala chache.

Maswali

Muheza: Mkuu, msikiti wa Tongoni umeelekezwa Nyota ya Kaskazini. Nitoe kitabu au nianze na gazeti?

Jibu: Rudia hatua ya 4. Halafu Nyota ya Kaskazini haionekani Tanga. Tuko kusini ya ikweta.

Muheza: Labda zamani ilionekana.

Jibu: Karne ya 15 pia haikuchomoza hapa. Pakua programu ya anga, weka mwaka 1450, uangalie.

Bagamoyo: Shikamoo mwalimu. Mwezi Machi jua linapita utosini, kivuli cha mchana kinakwisha kabisa. Ile fimbo itafanya kazi?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri sana. Itafanya, kwa sababu hatupimi saa sita. Tunachukua kivuli cha asubuhi na cha alasiri vyenye urefu sawa. Chora duara mbili au tatu za ukubwa tofauti, kila moja ikupe mstari wake. Mistari ikipishana sana, fimbo yako imeinama. Ukipima Kaole niletee namba, nitazikagua pamoja nawe.

Pangani: Tongoni, Kaole na Kilwa Kisiwani ziko kwenye mstari mmoja. Hiyo si bahati.

Jibu: Haziko. Chora kwenye ramani kubwa: Kaole imetoka nje ya mstari kwa zaidi ya kilomita 20. Mwingereza mmoja, Watkins, alianza kuchora mistari kama hiyo Uingereza mwaka 1921, na tabu yake ni kwamba ukiwa na nukta za kutosha mstari haukosekani.

Korogwe: Naona unatukatisha tamaa. Umekuwa msemaji wa wasomi?

Jibu: Sijamkatisha mtu tamaa, nimewapa njia ya kupima. Mwaka 1871 Mjerumani Mauch aliyaona magofu ya Zimbabwe Kuu, akayahusisha na Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia Randall-MacIver alichimba pale mwaka 1905, akaonyesha kuwa ni kazi ya Waafrika, na bado uongo ule uliendelea kufundishwa miaka mingi. Nadharia isiyopimwa inaweza kuwapokonya watu mababu zao. Kwa hilo sitalegeza.

Tanga mjini: Nikichapa, mtu hataiba nadharia yangu?

Jibu: Hakimiliki inalinda maandishi yako, wazo hailindi. Kinachokulinda ni tarehe ya kuchapa, kwa hiyo usikalie kazi.

Bagamoyo: Mwalimu, nakshi za makaburi hazionekani kwenye picha zangu.

Jibu: Usipake chaki wala maji. Piga saa kumi na moja jioni, jua likilalia ubavuni mwa jiwe. Weka rula kwenye picha.

Chumbageni: Nyongeza: pini za stapla zinashika kutu kwa hewa ya bahari, zinachafua kurasa za kati. Mimi nashona mgongo kwa uzi.

Jibu: Asante kaka, hili sikuliweka. Uzi gani?

Chumbageni: Wa pamba, mnene, unaupaka nta kwanza. Wa nailoni unakata karatasi.