Yai la kuchemsha limenyeke vizuri bila kuchubuka

Kama ushawahi kumenya yai la kuchemsha ukabaki na kitu kama kimeng'atwa na panya, shida mara nyingi sio mkono wako. Mi nachemsha trei nzima, mayai 30, ya kuuza jioni na kachumbari, na kulikuwa na siku mteja kasimama hapo anakuangalia unamenya, ganda linaondoka na bonge la ute mpaka kiini kinachungulia, na hilo yai huwezi tena kumpa mtu. Inauma sana.

Anza na yai lenyewe. Watu wanajua yai la leo ndo bora, ila kwa kuchemsha hapana kabisa. Yai likiwa jipya ute wake una kaboni dayoksaidi, hiyo hewa inatoka taratibu kwenye vitundu vya ganda, na jinsi inavyotoka ndo asidi inapungua na ute unaacha kung'ang'ania ile ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda. Kwaiyo ukinunua yaache wiki hivi kwenye friji, kama huna friji siku 4 au 5 sehemu yenye ubaridi yanatosha. Ya kienyeji uliyookota bandani asubuhi we kaanga tu.

Sasa hapa ndo wengi tunakosea: usianze na maji ya baridi! Acha maji yatokote kwanza, alaf shusha mayai taratibu na upawa, moja moja, yasipasuke. Lile joto la ghafla linagandisha ute wa nje haraka kabla haujashikana na ngozi. Punguza moto kidogo yasigongane, hesabu dakika 11 au 12. Walioko Nairobi au Mbeya ongezeni dakika moja mbili, maana huko juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, Nairobi ni kama 94 tu.

Chumvi na siki nimejaribu sana, kwenye kumenya sijaona tofauti.

Yakiiva mwaga maji ya moto, tia ya baridi, barafu ikiwepo safi, kama haipo badilisha maji mara mbili tatu maana yanapata moto fasta. Yakae dakika 10. Hii pia inazuia kile kiduara cha kijani kwenye kiini.

Kumenya gonga kitako kile kipana, hapo kuna nafasi ya hewa, viringisha yai mezani ukilikandamiza kidogo mpaka ganda lote liwe na nyufa, alaf tafuta ile ngozi kwa kidole gumba. Ukipata ganda bila ngozi unabandua vipande vidogo vidogo mpaka kesho, ila ukiishika ngozi vinakuja vyote pamoja. Likikusumbua limenyee ndani ya bakuli la maji, maji yanapenya chini yanalisukuma ganda. Yanayobaki usiyamenye, weka kwenye friji na maganda yake, ule ndani ya wiki.