Beki mkongwe wa hoki ya barafuni: namna ya kujua kama bado yumo au amekwisha

Kila Septemba, kambi za timu za NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, zikifunguliwa, ubishi huanza upya kwenye chumba chetu cha chai kazini. Fulani ana miaka thelathini na minane, ni beki, kasaini tena: bado yumo, au amekuja kuchukua kiinua mgongo? Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Hamilton, Ontario, na kazi yangu ni kuendesha ile mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa manispaa. Hoki sijaicheza. Ila ukikaa nyuma ya kioo jioni hadi jioni, ukawanolea watu viatu na kufuta mikwaruzo waliyoiacha, utajifunza kumsoma beki kwa miguu yake. Haya ndiyo ninayomwambia mpwa wangu, ambaye kwake yeyote aliyezaliwa kabla ya 1990 ni babu.

Anza kwa kuuweka umri kando. Si kwamba hauna maana, ila peke yake haukuambii kitu. Chris Chelios alicheza mechi zake za mwisho za NHL mwaka 2010 akiwa na Atlanta Thrashers, ana miaka 48. Zdeno Chara, yule jitu la Slovakia lenye urefu wa sentimita 206, alifika miaka 45 na mechi 1,680, na hakuna beki mwingine aliyewahi kucheza nyingi hivyo. Nicklas Lidström wa Detroit alipewa Tuzo ya Norris, ile ya beki bora wa ligi nzima, mwaka 2011 akiwa na miaka 41. Hapo hatuzungumzii mtu wa kubebwa na wenzake. Upande wa pili, Duncan Keith, bingwa wa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mara tatu na Chicago, alitundika viatu mwaka 2022 siku chache kabla ya kutimiza 39, na mkataba wake ulikuwa bado na mwaka mmoja. Ukiwapima wote hao kwa cheti cha kuzaliwa utakosea kwa wengi.

Sasa kaa mbele ya runinga, na ufanye jambo ambalo kamera haitaki ulifanye: acha kukifuata kisahani, kile cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo. Kisahani kina mashabiki wa kutosha. Mchague beki wako, umng'ang'anie yeye tu kwa kipindi kizima cha dakika 20.

Unachokisubiri ni pale wapinzani wanapovuka mstari wa kati na kukitupa kisahani kwenye kona, nyuma ya beki. Hapo ndipo ukweli ulipo. Alikuwa anateleza kinyumenyume, sasa lazima ageuke, apige hatua tatu za nguvu, akifikie kabla ya kijana wa miaka ishirini na mbili anayemfukuza, kisha atoe pasi akiwa anajua kabisa kwamba anaenda kubamizwa ukutani. Watu hudhani mzee huishiwa mbio. Mbio za mstari ulionyooka huchelewa kuisha. Kinachotangulia kuondoka ni ule mgeuko na zile hatua tatu, kwa sababu zinatoka kwenye nyonga na kinena, na hizo ndizo sehemu ambazo miaka ya kuteleza imezisaga.

Hili nalisoma hata kwenye barafu yenyewe. Ligi ya vijana ikimaliza, naingia na mashine nakuta kona zimechimbwa: alama fupi, za kina, zenye unga mweupe uliorundikana upande mmoja, mtu alipokita ukingo wa chuma na kugeuka palepale. Ligi ya usiku ya wazee wetu huacha pinde ndefu, pana, laini. Wamegeuka, ndiyo, lakini wamezunguka kama lori la mchanga kwenye uchochoro. Kwenye NHL tofauti ni ndogo zaidi, nusu hatua hivi, na nusu hatua inatosha kukupokonya kisahani.

Basi mkongwe anayeendelea kuishi pale juu anaishije? Tazama shingo. Kabla hajakifikia kisahani, je, ameshaangalia nyuma ya bega? Mara moja au mbili? Lidström aliufanya mchezo wote uonekane wa kivivu kwa sababu alipofika kwenye kona alikuwa tayari anajua nani yuko wapi na pasi inakwenda kwa nani. Hakuhitaji kumshinda mtu mbio. Alianza safari mapema. Ukimwona mkongwe wako anaangalia bega, anakigusa kisahani mara moja na kimeshaondoka, andika ndiyo. Ukimwona anafika, anakizuia kwa kiatu, anajibanza ukutani na kuomba refa apulize, andika hapana. Mara moja si hoja, kila mtu hubanwa. Ukiona ni desturi yake, umepata jibu.

Jambo la pili ni nafasi anayompa mshambuliaji anayemjia. Kila upande una mstari wa bluu, mpaka wa eneo lake la ulinzi, na beki mwenye miguu huusimamia: humsogelea adui akiwa na gongo mbele, anamlazimisha atupe kisahani au apoteze. Beki asiye na imani na miguu yake huanza kurudi tangu katikati ya uwanja, anamwachia mtu mstari wa bluu, anakwenda kumngoja karibu na kipa. Makocha huita hekima, mimi naita woga wenye sababu. Lakini mpime kila mtu kwa mwili wake. Chara uzeeni aliweza kukaa mbali na bado akakuchomoa kisahani, maana mikono ile na gongo refu kuliko la mtu yeyote vilifunika nusu ya njia. Beki mfupi hana mkopo huo.

Tatu, zitazame adhabu zake, na usiishie kwenye idadi, uliza ni za aina gani. Tangu msimu wa 2005–06, ligi iliporejea baada ya mgomo wa wamiliki uliofuta msimu mzima, marefa walianza kuadhibu kwa ukali kukwamisha, kushika na kuvuta kwa gongo. Kabla ya hapo beki mzito aliweza kumning'inia mtu mgongoni mpaka golini. Siku hizi ni dakika mbili nje. Kwa hiyo mkongwe akiadhibiwa kwa kugombana au kwa kumsukuma mtu mbele ya kipa, hizo ni hasira tu. Akiadhibiwa kwa kukwamisha na kuangusha, wiki baada ya wiki, ujue mkono umeanza kufanya kazi ambayo miguu imeikataa.

Mpwa wangu hapo hunikatiza. "Lakini mjomba, ona shuti lake!" Shuti ni kitu cha mwisho kuzeeka, mwanangu. Bega na ufundi hudumu. Mwaka 2012 Chara alipiga kisahani kwa mwendo wa kilomita 175 kwa saa kwenye mashindano ya nyota wa ligi, na hata miaka mingi baadaye usingependa kusimama mbele yake, lakini shuti halimrudishi mtu nyuma kukaba. Na zile takwimu za jumla za magoli yaliyofungwa mtu akiwa uwanjani, za kujumlisha na kutoa (goli la timu yake humwongezea moja, la wapinzani humpunguzia moja), zisikutishe. Msimu ule ule Lidström aliochukua Norris akiwa na miaka 41 alimaliza na kutoa mbili. Mara ya pekee katika maisha yake yote ya NHL kuwa chini ya sifuri, na bado ndiye aliyekuwa beki bora wa mwaka.

Ukishamaliza miguu, mgeukie kocha, kwa sababu nusu ya jibu iko kwenye benchi. Timu huvaa mabeki sita kwa kawaida, wakiingia wawiliwawili kwa zamu za chini ya dakika moja. Beki wa jozi ya kwanza hucheza dakika 23, 25, wakati mwingine zaidi. Mkongwe aliyepunguziwa mpaka 17, akawekwa kulinda timu ikiwa pungufu na kuanzia karibu na goli la wapinzani pale inapowezekana, anaweza kuwa bora kuliko kijana. Mwachie 24 kila usiku na mwezi wa Februari utamlilia. Mark Giordano alikuwa nahodha wa Calgary na mshindi wa Norris mwaka 2019 akiwa na miaka 35. Toronto ilipokuwa naye akiwa na miaka 40, hakuna aliyemtaka abebe timu. Kazi ilishonwa upya kumfaa.

Mwangalie na mwenzake wa jozi. Boston walimweka Chara na Charlie McAvoy, kijana aliyezaliwa miaka ishirini baada yake. Kijana alikimbilia kona, mzee alisimama mbele ya kipa na kupiga kelele za maelekezo. Mkongwe akiwekwa na mkongwe mwenzake, au na beki anayependa kupanda mbele bila kurudi, usimlaumu yeye peke yake.

Huku Hamilton huwezi kukwepa mfano wa Tim Horton. Ndiyo, yule ambaye jina lake liko kwenye maduka ya kahawa na donati ya Kanada. Duka la kwanza lilifunguliwa hapa hapa mwaka 1964. Wateja wengi hawajui alikuwa beki kisiki, mwenye makombe manne ya Stanley na Toronto, na kwamba Februari 1974, akiwa na miaka 44, alikuwa bado kwenye NHL na Buffalo alipofariki kwa ajali ya gari usiku akitoka kwenye mechi. Watu wa nyumbani wana fungu lao pia: mwaka 2018 kampuni hiyo iliwaleta Kanada vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya iliyokuwa ikifanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, Nairobi, wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nimetoka nje ya mada kidogo, lakini siachi kuitaja hiyo.

Mtihani wa mwisho ni ratiba. Msimu una mechi zaidi ya 80, na mara kadhaa timu hucheza usiku mbili mfululizo, na safari ya ndege katikati. Usimhukumu mkongwe kwa mechi ya Oktoba akiwa ametoka likizo. Tafuta mechi ya pili kati ya hizo mbili, mwezi wa Januari au baadaye, kipindi cha tatu, ugenini. Rudia mambo yaleyale: mgeuko, bega, mstari wa bluu, mkono. Kama kocha anamwingiza timu ikiongoza kwa goli moja na dakika mbili zimebaki, kocha ameshakujibu. Kama anakula benchi, amekujibu vilevile.

Na usome mkataba. Kuanzia miaka 35 kanuni za ligi huruhusu mkataba wa mwaka mmoja wenye bonasi za utendaji, kwa hiyo timu yenye akili humlipa mkongwe kwa anachofanya sasa, si kwa alichofanya zamani. Brent Burns aliposaini na Colorado Julai 2025, akiwa na miaka 40, ulikuwa wa mwaka mmoja. Ukiona timu imempa beki wa miaka 36 miaka minne, hata kama leo anageuka vizuri, mwaka wa kwanza mshangilie na wa tatu uanze kuuliza nani atauza jezi zake.