Somo: Voliboli ya kukaa, kwa wale waliozoea kutazama tu

Jioni yoyote ukipita kiwanja cha mtaa hapa Kisumu, iwe Nyalenda, Manyatta au Obunga, utakuta vijana ishirini na wawili wanafukuzana na mpira na watu tele wamesimama pembeni. Sisi makocha macho yetu huwa kwa wale ishirini na wawili. Leo tugeuze shingo, tuwatazame walio pembeni na kuwaingiza katika voliboli ya kukaa, yaani voliboli inayochezwa wote wakiwa wameketi chini.

Hatua ya 1: Hesabu walio nje.
Kabla ya kununua mpira, nunua daftari. Kaa kiwanjani jioni tatu uandike ni nani wako pembeni na wamebeba nini. Mimi niliandika: wasichana wenye mitungi ya maji, kina mama wawili wa mboga, na kijana wa mikongojo aliyekumbuka matokeo ya kila mechi kuliko refa. Hakuna aliyekuwa amekataa kucheza. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Basi waulize, na mwenye ulemavu muulize yeye mwenyewe, si mamake wala aliyemsindikiza.

Hatua ya 2: Tafuta saa.
Hapa ndipo nilipojikwaa. Nilipanga Jumamosi saa kumi, nikajiona nimepanga vizuri. Wasabato walikuwa ibadani, na Jumamosi huku kwetu ndiyo siku ya mazishi, kwa hiyo nusu ya mtaa ilikuwa imesafiri kwenda kuzika. Wakaja wavulana wale wale. Nikahamia Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na moja. Mbona tusiendelee hadi giza? Kwa sababu ikifika kumi na moja na nusu msichana anaitwa nyumbani, jiko linamngoja. Ukiweka mazoezi saa kumi na mbili umeshawachagua wavulana, hata kama bango lako limeandikwa "wote mnakaribishwa".

Hatua ya 3: Tengeneza kiwanja.
Voliboli ya kukaa inataka nafasi ndogo: mita 10 kwa 6. Hatua kumi ndefu kwa sita zinatosha kwa kuanzia. Ukingo wa juu wa wavu huwa mita 1.15 kutoka chini kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Tukichanganyika sisi hutumia 1.05. Wavu wetu ni kipande cha wavu wa samaki uliochakaa, tuliouomba kwa wavuvi kule Dunga, tukaufunga kwenye nguzo mbili. Mistari ni majivu. Udogo huo wa kiwanja una faida nyingine: waweza kukisogeza chini ya mwembe, maana jua la saa tisa la Kisumu silo la mchezo.

Nyasi ndizo bora. Turubai huteleza na huchoma. Kabla hamjaketi, piteni mstari mmoja mkiokota vioo, misumari na mbigili. Msiruke hatua hii, mtu anayejivuta kwa makalio hana kiatu.

Hatua ya 4: Wote waketi.
Wachezaji sita kila upande, na sharti kuu ni moja: unapougusa mpira, makalio yawe chini. Ukiyainua, kosa. Sharti hili linawahusu hata wenye miguu mizima, na ndiyo siri ya mchezo wenyewe, kwa sababu hapa hakuna anayesaidiwa. Siku ya kwanza mshambuliaji wetu wa kandanda, anayesifiwa mtaa mzima kwa mbio, aligeuka gogo. Yule kijana wa mikongojo, ambaye mikono yake imembeba miaka yote, alikuwa tayari upande wa pili wa kiwanja. Kwa wanaoanza tunaruhusu mpira udunde mara moja. Hiyo ni sheria yetu ya nyumbani, wiki chache kisha tunaiondoa.

Hatua ya 5: Refa ashike kitambaa.
Kiziwi hasikii kipenga. Bendera au kitambaa chekundu kinawatosha wote, na mjifunze ishara kumi za kuanzia kutoka kwa wachezaji viziwi wenyewe.

Hatua ya 6: Watoto.
Wazazi wajue, na asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na watoto. Daima wawe wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Bondeni, Nakuru: Kocha, wavulana wangu wanasema kukaa chini ni aibu. Nifanyeje?
Jibu: Usiwahubirie, ndugu. Waletee timu ya watu waliozoea kukaa, wacheze seti mbili. Wakishafungwa, wataomba ya tatu wenyewe.

Mama, Kakamega: Mwanangu haoni kabisa. Huu mpira wa hewani ataupataje?
Jibu: Mama, huu haumfai, lakini upo wake: goliboli. Ulibuniwa mwaka 1946 kwa wanajeshi waliopoteza macho vitani. Watatu kwa watatu, wote wamefungwa macho, mpira wenye kengele unaviringishwa chini kuelekea goli. Mpira wa kengele ni ghali, kwa hiyo viringisha mpira wa kawaida ndani ya karatasi za mkate, zinakwaruza vizuri. (Zamani tungetumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ipigwe marufuku mwaka 2017 tunakula mkate kwanza.) Laza kamba chini ya mistari aipapase kwa mkono. Na mchague pahali mbali na matatu, pawe kimya. Akipenda mbio, msimulie habari za Henry Wanyoike: Sydney mwaka 2000, mita 5,000, aliyekuwa akimwongoza aliishiwa nguvu karibu na mwisho, Wanyoike asiyeona akamvuta yeye hadi kwenye mstari, akashinda dhahabu.

Mwanachama, Manyatta: Wasichana wangu hupotea siku kadhaa kila mwezi, kisha wengine hawarudi.
Jibu: Je, choo cha karibu kina mlango unaofungika? Kina maji? Anza hapo. Weka sodo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mahali ambapo msichana anachukua bila kuomba. Na kaptura ziwe nyeusi. Sisi tulinunua nyeupe, tukajuta.

Mwanachama, Kondele: Nina miaka 58, nina sukari, na goti limegoma. Kuna nafasi yangu, au nikae na kina mama wa mboga?
Jibu: Kina mama wa mboga siku hizi wanacheza, dada. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuketi nayo yanahesabiwa. Zungumza kwanza na daktari wako. Kula kabla ya kuja, beba kitu kitamu mfukoni sukari isije ikashuka, na ukifika nyumbani kagua nyayo na mapaja kama kuna mchubuko. Jumapili saa tisa, chini ya mwembe. Uje na suruali ndefu.