Kabla hujaleta kanga nyumbani

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Mimi nilidhani wanasema watu. Nikanunua kanga sita wakubwa mnadani, nikawafungia siku mbili, ya tatu nikawafungua nikiamini wameshanizoea. Wakapanda juu ya mawe nyuma ya nyumba, maana hapa Mwanza nani asiye na jabali uani, wakaangaza huku na huku, wakaruka upande wa pili. Mmoja nilimsikia akilia mitini kwa jirani siku kadhaa, kisha kimya.

Kwa hiyo kabla ya banda na kabla ya chakula, amua unaanza na nini. Anza na mayai au vifaranga, wakue wakijua hapo ndipo kwao. Mayai mpe mtetea wa kienyeji aliye mtulivu, lakini usiyachanganye na yake. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya kanga siku ya 26 hadi 28; vifaranga vyake vikishatoka atainuka navyo, na ya kanga yataozea kiotani. Na mayai hayo yasitoke porini. Kanga mwitu analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumkamata bila kibali ni kosa. Hata ukinunua kwa mfugaji, pita kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya uulize utaratibu, na muuzaji akuandikie risiti.

Majuma mawili ya kwanza ndipo wengi wanapoishiwa. Kifaranga cha kanga kikilowa kimekwisha, iwe kwa umande wa alfajiri au kwa kutumbukia kwenye chombo cha maji. Tafuta sahani isiyo na kina, ijaze kokoto, maji yapite katikati tu. Joto la juma la kwanza liwe kama nyuzi 35, halafu ulipunguze kidogo kidogo. Usipokuwa na kipimajoto, vitazame vyenyewe: vikirundikana na kulialia, ni baridi, vikikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, umezidisha. Anayetumia jiko la mkaa aache pa kupitishia hewa, moshi usioonekana huua kimya kimya.

Chakula sasa. Kifaranga cha kanga kinataka protini nyingi kuliko cha kuku, kama asilimia 24 hivi, na chakula cha vifaranga vya kuku cha dukani mara nyingi hakifiki hapo. Sisi wa ziwani tuna bahati, dagaa wapo. Ila dagaa wengi huanikwa mchangani, na mchanga ule unaulipia kwa kilo. Kabla hujanunua gunia, omba kiganja kimoja, kitumbukize kwenye beseni la maji, koroga, kisha mwaga maji taratibu uone kilichobaki chini. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo muuzaji alicheka. Mara ya pili alinitolea walioanikwa juu ya chanja, si mchangani, bila kuulizwa. Mashudu ya pamba yamejaa Kanda ya Ziwa na bei yake inavutia, lakini yana gosipoli, sumu inayodumaza ndege na kuharibu rangi ya kiini cha yai. Mimi nachukua ya alizeti. Mahindi yenye ukungu usiyaguse hata ukipewa bure.

Chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku na kanga, ipangwe mapema. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha ndege wengi kuliko ulionao, basi shirikianeni na majirani mchanje siku moja. Hao hao majirani waambie mapema kuhusu kelele. Kanga akiona nyoka, kenge aliyepanda kutoka ziwani au mgeni asiyemjua, mtaa mzima utajua. Kwenye viwanja vilivyobanana ningekushauri ufuge kuku. Kelele hizo zina faida moja: jike huita kwa mapigo mawili, dume hajui ila pigo moja, na kwa macho tu hutawatofautisha kirahisi.

Banda liwe na wavu juu pia, na fito za kulalia zilizo juu, maana kanga hapendi kulala chini. Waliokua wakae ndani majuma sita kabla ya kuonja nje. Kila jioni kabla ya kuwapa mtama, gonga kopo, sauti ile ile, saa ile ile. Siku ya kuwafungua usiwatoe wote. Toa wawili watatu saa kumi na moja jioni, wakiwa na njaa, na wengine wabaki ndani. Waliobaki ndio watakaowaita wenzao. Gonga kopo, kaa mbali na mlango.