Umekwama na mhusika wa katuni? Cheki michongo ya mahekalu
Msee wa animesheni, kabla hujachora mhusika mwingine anayefanana na wa Marekani, hebu cheki michongo ya mahekalu ya India, kuna mkao unaitwa tribhanga, mwili unapinda mara tatu, shingoni, kiunoni na gotini, sasa ukiufanya pozi lako kuu jamaa anaonekana ana mwendo hata akiwa amesimama tu. Usikopi mapambo, hayo ni nguo tu. Hekalu la Borobudur kule Java, Indonesia, nalo lina paneli 1,460 za hadithi, unazisoma ukilizunguka, yaani storibodi (michoro ya kupanga hadithi picha kwa picha) ya mawe! Mimi nikichora mhusika huanza na kivuli cheusi bila sura. Saa hii najaribu na milango ya Lamu, ule mnyororo uliochongwa kwenye fremu nauchezesha pete moja moja.