Kuzijua nyota tano za Wachina ukiwa juu ya mashua

Huku Lamu ukitaja "nyota ya moto", mtu hudhani unataka kumpigia falaki. Tumelelewa na vitu vinne: moto, maji, udongo na upepo. Wachina wana vitano, na upepo haumo: mti, moto, udongo, madini, maji. Lishike hilo kwanza, kwani sayari tano zionekanazo kwa macho Wachina huziita kwa vitu hivyo.

Mimi hupeleka wageni matembezi ya usiku kwa mashua. Siku moja, yapata saa sita za usiku, nilimwonyesha mgeni wa Kichina Zuhura. Akacheka sana. Zuhura haiendi mbali na jua, saa hiyo huioni kamwe. Ile ilikuwa Mshtarii. Akaniomba kalamu, akanichorea majina yote nyuma ya karatasi ya bei zangu.

Anza na neno xing, tamka "shing", yaani nyota. Kila jina huishia hapo. Kisha tumia macho. Mirihi ni nyekundu: Huoxing, nyota ya moto. Zuhura ni nyeupe: Jinxing, ya madini. (Jin ni dhahabu pia, lakini usiishie kwenye dhahabu, nilishachekwa kwa hilo vilevile.) Zohali ina rangi ya mchanga wa Shela, ufuko wetu: Tuxing, udongo. Kwao moto ni mwekundu, madini meupe, udongo njano, kwa hiyo hizi tatu hujileta zenyewe.

Mshtarii ni Muxing, ya mti. Hapo macho hayakusaidii, kwani rangi ya mti kwao ni kijani. Chora herufi yake, 木: mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) imeukata, kamba mbili zinashuka huku na huku. Foromali yetu hulala upande, najua, tusigombane.

Ukitaka kuzijua kweli, jifunze na majina ya zamani, yaliyotoka kwa watu waliokesha wakitazama. Mshtarii iliitwa Suixing, nyota ya mwaka, kwa kuwa huzunguka mbingu kwa karibu miaka 12, kila mwaka kituo kimoja. Zohali ilihesabiwa kukaa mwaka mzima katika kila nazili ya mwezi, yaani kila kituo cha mwezi katika njia yake angani, na nazili zao ni 28, sawasawa na za wanafalaki wetu! Zuhura ilikuwa Taibai, nyeupe mno. Vile vitu vitano vilifungwa juu ya majina haya. Mwanahistoria Sima Qian aliziandika nyota pamoja navyo miaka 2,100 hivi iliyopita.

Tianwangxing na Haiwangxing usizitafutie kitu kati ya vile vitano. Ni Uranus, iliyogunduliwa 1781, na Neptune, iliyogunduliwa 1846. "Mfalme wa mbingu" na "mfalme wa bahari" ni tafsiri tu ya majina ya Ulaya.

Imebaki Utaridi: Shuixing, nyota ya maji; kwao rangi ya maji ni nyeusi na upande wake ni kaskazini. Hii itafute ufukweni Shela baada ya sala ya alfajiri, chini kabisa juu ya bahari, kabla mwanga haujaimeza. Mimi nimeiona mara tatu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa taa ya mvuvi.